Nahodha wa Mto Lisungu

Ofisi ya Serikali ya Mtaa,
Lisungu Ng'ambo,
Songea.
14 Novemba 2022

Afisa Mipango,
Halmashauri.

YAH: KIPAUMBELE CHA MTAA WETU KATIKA BAJETI YA 2023/2024

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mkutano mkuu wa mtaa ulikaa Jumamosi iliyopita. Watu mia moja na kumi na wawili waliweka sahihi, na muhtasari nimeuambatanisha. Fomu yenu ina nafasi ya vipaumbele vitano. Sisi tumejaza kimoja, na tunaomba msitujazie vingine vinne.

Tunaomba kivuko kwenye Mto Lisungu. Zahanati iko ng'ambo ya pili, shule iko ng'ambo ya pili, na gari la taka linaishia ng'ambo ya pili, dereva anatupigia honi kama anatuita harusini. Mvua zikianza mtaa huu unakatika. Njia ya kuzunguka ni kilomita tisa, na bodaboda wanaikataa kwa sababu ya utelezi.

Hii ni mara ya nne mtaa huu kuomba. Mara tatu za kwanza aliomba mwenyekiti aliyenitangulia, mzee mpole, Mungu amrehemu. Mimi nilikuwa muuguzi miaka thelathini na mmoja. Upole wangu niliumalizia wodini.

Naomba kuwasilisha.

Emerensiana Mapunda
Mwenyekiti wa Mtaa


Idara ya Mipango,
Halmashauri.
9 Desemba 2022

Mwenyekiti wa Mtaa,
Lisungu Ng'ambo.

YAH: OMBI LA KIVUKO

Tafadhali rejea barua yako ya tarehe 14 Novemba 2022.

2. Ofisi imelipitia ombi lenu na kubaini kuwa huduma ya kivuko haimo katika majukumu ya Halmashauri. Huduma hiyo husimamiwa na wakala wa Serikali Kuu. Kwa sababu hiyo, ombi limeondolewa kwenye rasimu ya bajeti yetu na litapelekwa kwa wakala husika mara mtakapojaza fomu iliyoambatanishwa.

3. Mnakumbushwa kujaza vipengele vyote, hususan kina cha maji, aina ya gati, idadi ya abiria na magari kwa siku, na jina la nahodha wa chombo kinachotumika sasa.

4. Nakutakia utekelezaji mwema.

Wema Magesa
Kny: Mkuu wa Idara ya Mipango


Lisungu Ng'ambo,
20 Desemba 2022

Ndugu Wema Magesa,

YAH: FOMU YENU

Nimeipokea. Nimeisoma mara mbili, na wajumbe wangu wameisoma, na mjumbe mmoja, Rupert, akauliza kama imekosea njia. Nikamwambia serikali ikiuliza hujibiwa, hata ikiuliza mambo ya ajabu. Nadhani mna fomu moja kwa nchi nzima. Nimejaza kama ifuatavyo:

Kina cha maji: Agosti, kifundo cha mguu. Februari, kifuani kwa mtu wa kawaida. Fulgence, fundi matofali, maji yanamfika kiunoni, lakini Fulgence ni mrefu kupita kiasi.

Upana: hatua kumi na nne. Nimepima mwenyewe kwa kamba ya mbuzi.

Aina ya gati: jiwe la kufulia.

Chombo kinachotumika sasa: mgongo wa Fulgence. Wapo pia bata wa mama Sabra, ila hao hawabebi mtu.

Idadi ya magari kwa siku: moja, la taka, nalo haliji.

Jina la nahodha: mimi. Ninasimama ukingoni na kusema nani avuke na nani asubiri. Tangu nijaze kipengele hiki mtaa mzima unaniita Nahodha, na kwa hilo nawashukuru nyinyi.

Abiria wenye mahitaji maalumu: Yohanes, miaka sitini na nane, mume wangu. Alikuwa katekista. Ana sukari na ana kidonda mguu wa kushoto. Kila Jumanne na Ijumaa lazima kisafishwe na kufungwa zahanati. Mimi ningeweza kumfunga nyumbani, lakini dawa ziko kule na daktari anayekitazama yuko kule.

Wahudumu wanaohitajika kumsaidia abiria huyo: wanne. Fulgence, Rupert, Juma na jirani yetu Oliva, ambaye anashika kiti nyuma. Abiria mwenyewe hapendi. Anasema amezika watu wengi waliobebwa hivyo.

Muda wa safari: aulizwe mto.

Sijui wakala huyo yuko wapi, lakini mwambieni mvua hapa haisubiri muhuri.

Emerensiana Mapunda
Mwenyekiti wa Mtaa, na sasa Nahodha


Idara ya Mipango,
Halmashauri.
27 Januari 2023

Mwenyekiti wa Mtaa,
Lisungu Ng'ambo.

YAH: OMBI LA KIVUKO

Rejea mawasiliano yetu yaliyotangulia.

2. Ninasikitika kukufahamisha kuwa ombi lenu halikuweza kuingizwa katika rasimu ya bajeti ya mwaka 2023/2024 kutokana na ufinyu wa bajeti.

3. Mnashauriwa kuliwasilisha upya katika mzunguko ujao.

4. Namtakia mzee Yohanes afya njema.

Wema Magesa
Kny: Mkuu wa Idara ya Mipango


Lisungu Ng'ambo,
16 Februari 2023

Ndugu Wema Magesa,

Barua hii haina kichwa cha habari. Kichwa kinaniuma.

Desemba mliniambia kivuko si kazi yenu. Januari mnaniambia ni kazi yenu ila bajeti ni finyu. Nimewahi kulea wanafunzi wa uuguzi, najua sauti ya mtu anayebadilisha maelezo. Lakini sikulaumu wewe, mwanangu. Wewe unaandika unachoambiwa. Ninajua aliyelitupa ombi letu. Ni diwani wetu, Mheshimiwa Fransisko. Mwezi huohuo sisi tunaambiwa ufinyu, mtaa anakokaa yeye umewekewa taa za barabarani. Mbu wa kule sasa wanaonana vizuri.

Basi tulikaa Jumapili baada ya misa. Tumeamua mambo mawili. La kwanza, Fransisko hatasimama kuongea kwenye mkutano wowote wa mtaa huu. Jana alikuja kutusalimia, tukamwitikia salamu, tukamkalisha, na kila alipoinuka tukaanza wimbo. Tuliimba nyimbo tisa. Jezi alizowapa vijana wetu mwaka juzi tumezifua, tumezipiga pasi, tumemrudishia kwenye gunia.

La pili, tumekata milingoti. Kila nyumba imetoa mkaratusi mmoja shambani mwake, na Fulgence anaifunga kwa waya. Kivuko tutakiweka wenyewe. Msituletee mtu wa kutuuliza kibali.

Ulimtakia Yohanes afya njema, na wewe ndiye pekee uliyemtaja, kwa hiyo nakujibu. Mto umejaa wiki ya tatu. Amekosa kufungwa mara tano. Nachemsha maji ya chumvi, namsafisha kwa ninavyojua, lakini harufu ya kidonda naijua kuliko ninavyopenda kuijua. Ninaogopa. Kwenye mkutano sijasema kwamba ninaogopa.

Emerensiana Mapunda


Hospitali ya Peramiho,
6 Machi 2023

Wema,

Milingoti yetu ilikaa siku nane. Ya tisa mto ukaiondoa yote pamoja na jiwe la kufulia.

Yohanes tulimzungusha kilomita tisa kwenye mkokoteni wa matofali. Wamemkata mguu juu ya goti Alhamisi. Nimekaa kwenye benchi la wodi, lilelile nililokuwa nikiwafukuza ndugu wa wagonjwa wasilikalie.

Iwekwe kwenye jalada letu. Sitaki kujibiwa.

Emerensiana Mapunda


Songea mjini,
9 Machi 2023

Mama Emerensiana,

Shikamoo. Umesema hutaki kujibiwa, lakini nakuandikia. Hii siyo karatasi ya ofisi na Mkuu wangu hajui. Nampa Juma, aliyeniletea barua yako, ailete mkononi mwako.

Mheshimiwa Fransisko hakulitupa ombi lenu. Nililitupa mimi.

Mimi natoka Ukerewe. Kwetu kivuko ni meli. Kinapiga honi, kina nahodha, kinabeba malori na ng'ombe na mama zetu na ndoo za dagaa. Nimekulia kwenye gati nikikisubiri kivuko, na sikuwahi kulisikia neno hilo likiwa na maana nyingine. Nilipoletwa hapa kazini, mto pekee wa mkoa huu niliokuwa nao kichwani ulikuwa Ruvuma. Nikasoma barua yako, nikaona mtaa unaomba meli, nikashangaa kidogo, nikapiga mstari. Sikuja kutazama. Kutoka mezani kwangu hadi kwenu ni dakika ishirini za bodaboda.

Fomu yako niliifungua tarehe tatu Januari. Nilicheka nilipofika kwenye bata. Halafu nikafika kwenye hatua kumi na nne na kamba ya mbuzi, nikaacha kucheka. Nikamwuliza mhudumu wa ofisi, mama mwenyeji wa Madaba, kivuko ni nini. Akanionyesha dirishani kijidaraja cha juu ya mtaro tunachokikanyaga kila asubuhi tukiingia kazini. Akasema, "Si hicho hapo, dada?"

Rasimu ilikuwa imefungwa siku nne kabla. Ningeweza kumwambia Mkuu, Bwana Tumsifu, afungue. Niliogopa. Niko kwenye muda wa majaribio, na nyumbani wanakula kupitia mimi. Nikaandika ufinyu wa bajeti, kwa sababu hayo ni maneno ambayo hakuna mtu anayeyauliza maswali. Uliponiambia mnamwimbia diwani nyimbo, niliiweka barua yako chini kabisa ya jalada.

Siombi unisamehe. Ninakuambia kinachoweza kufanyika. Baraza la Madiwani linakaa kupitisha bajeti Alhamisi ya tarehe kumi na sita, ukumbi mkubwa. Mwananchi anaruhusiwa kuingia na kukaa, haruhusiwi kusema. Diwani anaruhusiwa kusema. Kabla Baraza halijapitisha, kifungu kinaweza kubadilishwa. Diwani wako ni yule mliyemrudishia jezi.

Barua hii mpe aisome mbele ya Baraza. Nimeandika jina langu kamili hapa chini ili asiulizwe imetoka wapi.

Wema Nyamizi Magesa


Lisungu Ng'ambo,
12 Machi 2023

Wema,

Nimeisoma mara tatu, na mara ya kwanza niliitupa jikoni, Oliva akaiokota.

Nimekukasirikia. Nakuambia wazi ili usije ukasikia kwa watu. Kukosea neno ni kitu kimoja, kila mgeni hukosea. Mimi mwenyewe nilipopangiwa kazi Tunduru nilimwambia mgonjwa wa Kiyao neno nililodhani ni pole, wodi nzima ikaziba midomo. Lakini ulijua tarehe tatu Januari. Tarehe tatu Januari mume wangu alikuwa na miguu miwili. Sijakusamehe. Nikikusamehe nitakujulisha kwa barua.

Yohanes nimemsomea yote. Aliuliza una umri gani. Nikasema sijui, mwandiko ni wa msichana. Akasema mwambie meli ya Ukerewe ningependa kuiona. Kisha akageukia ukutani akalala. Ndivyo alivyo, na miaka arobaini ndivyo anavyonishinda.

Jana nilikwenda kwa Fransisko. Nilivaa kitenge cha misa ili aelewe nimekuja kwa jambo. Nilimwambia: Mheshimiwa, tulikuonea, na mimi ndiye niliyeanzisha wimbo. Akaniacha nimesimama kidogo, haki yake. Halafu akasema nyimbo sita zilikuwa nzuri, tatu tulikosea sauti ya pili. Akaisoma barua yako akiwa amesimama. Akauliza, "Huyu binti anajua nitasema jina lake?" Nikamwambia ameliandika lote, hata la bibi yake.

Alhamisi tunakuja. Tunakuja wote mia moja na kumi na wawili tulioweka sahihi, isipokuwa Yohanes aliye hospitali na mama Sabra ambaye ana bata. Tumeambiwa hatuna ruhusa ya kusema. Hatutasema. Kila mtu anakuja ameshika kipande cha kamba ya mbuzi cha hatua kumi na nne, na tutakaa nacho mapajani. Polisi wakiuliza, tutawaambia tumetoka kuchunga.

Na wewe usije ukakimbia kabla ya Alhamisi.

Emerensiana Mapunda


Masjala,
Halmashauri.
3 Aprili 2023

Mama Emerensiana,

Shikamoo. Sikukimbia. Kama unavyoona hapo juu, nimehamishwa meza. Nimepewa barua ya onyo na niko masjala, napokea barua na kuzigonga muhuri. Inawezekana nikabaki kazini, inawezekana nisibaki, wataamua Juni. Sijutii. Siku ile ya Baraza, Mheshimiwa Fransisko alipotaja jina langu nilikuwa nimesimama nyuma karibu na mlango, na sikutoka.

Zile kamba mliziona nyinyi kwa mbele. Mimi niliziona kwa nyuma, mabega yote yale yameinama kidogo kila mtu akiishika yake. Nilikuwa nikiongeza na kupunguza mitaa kwenye kompyuta mwaka mzima. Sikuwa nimewahi kuuona mtaa umekaa.

Kuna jambo hukuliona, ndiyo maana nakuandikia. Mliposhangilia kwamba zulia jipya la ukumbi limeahirishwa na fungu lake limeletwa kwenu, mlidhani imekwisha. Jioni ileile Bwana Tumsifu alitaka kuandika "daraja" badala ya kivuko, ati neno limeshaleta aibu. Nilimwambia hapana. Ni mara ya kwanza kumwambia hapana. Ikiandikwa daraja, itapelekwa kwa wakala wa barabara, na wakala atajibu kwamba kwenu hakuna barabara iliyosajiliwa, na mtazunguka miaka mingine minne. Akasema basi andika maelezo ili asije akakosea mjinga mwingine.

Nimeandika hivi, na ndivyo ilivyo kwenye kitabu cha bajeti: "Kivuko: njia ya kudumu ya zege, ambayo mwananchi huvukia mto kwa miguu yake mwenyewe."

Hilo ndilo neno langu la mwisho nikiwa Mipango. Mnapaswa kulilinda. Mwaka wa fedha unaanza Julai, mvua zinaanza Desemba. Kila mwezi andika barua kuuliza wamefikia wapi. Nitaigonga muhuri siku hiyohiyo na nitaipeleka juu mwenyewe.

Wema


Lisungu Ng'ambo,
21 Oktoba 2023

Wema Magesa,
Masjala.

YAH: KUREJESHA FOMU

Barua zangu za Julai, Agosti na Septemba ulizigonga, nimeona. Nasikia Juni walikubakiza. Ni vizuri, nani mwingine angezisoma.

Kivuko kimekamilika Jumatano. Fundi wa mkandarasi alitaka kukifanya chembamba, Fulgence akalala juu ya kokoto mpaka vipimo vikarudiwa. Tumekilinda usiku na mchana kwa zamu, na saruji haikutoka hata mfuko mmoja. Jana gari lenu lilileta kibao cha bati kilichoandikwa DARAJA LA WAENDA KWA MIGUU. Tumekipokea kwa heshima, tumempa dereva chai, na kibao amerudi nacho. Juma ameandika chetu kwenye zege lilipokuwa bichi, herufi kubwa: KIVUKO. Mtu wa Ukerewe akipita, atauliza, naye ataelezwa.

Gari la taka lilikuja. Dereva alipiga honi, na kwa mara ya kwanza tulikuwa tumeshafika kabla hajaacha.

Kuhusu lile jambo nililosema nitakujulisha kwa barua. Yohanes alikusamehe kabla hajatoka wodini, hilo si la kushangaza. Mimi bado. Ninaamka, naiona suruali yake imekunjwa na kufungwa pini, na hasira inarudi mpya. Lakini Jumapili tunapika likolo, mboga yetu ya majani, na dagaa wa Nyasa, na ninakuita. Siwezi kumpikia mtu ambaye sitaki kumwona. Ukichanganua hapo utapata jibu.

Ile fomu ya Desemba niliijaza wakati mambo yalikuwa mengine. Tafadhali sahihisha kama ifuatavyo:

Chombo kinachotumika sasa: mgongo wa Fulgence umestaafu.

Abiria wa kwanza: Yohanes, Ijumaa, saa mbili asubuhi, akienda zahanati kwa magongo. Mtaa mzima ulisimama ukingoni. Niliwakataza kumgusa, na mwenyewe nilifunga mikono nyuma.

Muda wa safari: dakika sita. Alisimama katikati kuyatazama maji, sikumharakisha.

Wahudumu waliohitajika kumsaidia abiria: hakuna.

Mwisho, alipofika ng'ambo aligeuka na kuniagiza jambo la ofisini kwenu. Anasema ameyasoma yale maelezo yako kwenye kitabu cha bajeti, na yana kosa moja. Usiandike "kwa miguu yake mwenyewe." Andika "kwa mguu wake mwenyewe."

Emerensiana Mapunda
Nahodha